Mkono wa Kulia wa Minza

Asubuhi moja ya mwaka 1997 Minza alikuwa akikaanga maandazi nje ya nyumba yake, Nsemulwa mjini Mpanda, awahi abiria wa treni ya Tabora. Figa moja likateleza, karai likainama, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia. Alilia kidogo, akazima moto, akaenda zahanati.

Siku ya kubadilisha bendeji, nesi Capitoline alikuta mkono umepona. Ngozi ilikuwa ya kitoto, laini, yenye vishimo juu ya vifundo vya vidole, na ilinukia maziwa. Nesi alipogusa kiganja, mkono ukamkamata kidole ukagoma kumwachia. Ikabidi achome wagonjwa wengine sindano akiwa ameshikwa vilevile, mpaka mkono uliposinzia.

Siku hizo Daktari Theopista, mtafiti, alikuwa Mpanda na hadubini yake akichunguza damu ya akina mama. Alichukua tone la damu ya Minza, akaliangalia mpaka chai yake ikapoa.

"Dada, ulishawahi kushika mimba?"

"Moja tu. Iliharibika ikiwa na miezi mitano."

"Alikuwa wa kiume. Bado yumo."

Akamweleza taratibu. Mimba ikiwa changa, zimo seli ambazo hazijaamua ziwe nini. Zaweza kuwa moyo, jicho au ukucha. Baadhi huvuka zikaingia kwenye damu ya mama, zikabaki. Za huyu zilikaa kimya miaka tisa, na mama yao alipoungua zikaja kumjengea ngozi. Theopista alisema hajawahi kuona kazi safi namna ile, na machozi yakamlenga. Ni ya kuvuliwa kofia kwa kweli. Kiumbe hakikupata hata jina, hakikunyonya hata tone, lakini kilijua kumtunza mama kuliko vijana wengi wenye ndevu.

Minza alifurahi hadi akasahau kuaga. Ukweni kwake, Sitalike, penye shughuli wake wa ukoo waliozaa hukaa mkeka wa akina mama, na ambaye hajazaa hukaa na wasichana. Wasichana aliokaa nao mwanzo walikwisha kuolewa, wakazaa, wakahamia mkeka ule mwingine. Yeye alibaki kuitwa Minza, si mama fulani, na jambo hilo lilimuuma kila sherehe.

Shemeji yake alipooa, Minza alikwenda huko na mkono wake, akamsimulia mama mkwe yote.

"Mayu, mama yangu, huyu ni mjukuu wako."

Mama mkwe hakushangaa. Alitia kidole kiganjani, mkono ukakishika.

"Ana nguvu! Kama babu yake kabisa. Nyie, njooni mmsalimie!"

Ukaja ukoo mzima. Mama mkwe akauvisha mkono ushanga, akauimbia mpaka ukalala. Masalu, mume wa Minza, alipongezwa, na tangu saa hiyo wakaanza kumwita baba.

Chakula kilipopakuliwa, Minza akaelekea mkeka wa akina mama. Mama mkwe akamzuia kwa upole.

"We Minza, hapa ni pa waliozaa. Wenzio wako kule. Na uende taratibu, usimwamshe mtoto."

Minza akaenda kuketi na wasichana. Alikula kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umelala.