Bwana Borafya na Mfenesi Wake

Nimewapamba maharusi wa Unguja kwa miaka kumi na minne, na hajatokea hata mmoja aliyelalamika. Nipe kiganja chako nikujazie maua ya hina mpaka kwenye kiwiko, huku nazungumza na wala sikosei. Lakini nipe karatasi nyeupe uniambie nichore mtu asiyekuwepo, hapo nageuka mtoto wa chekechea.

Balaa hili nilijitakia mwenyewe. Bi Ummkulthum, anayetengeneza vitabu vya watoto kwenye ghorofa ya pili ya nyumba moja Mji Mkongwe, alikuwa anatafuta mchoraji wa hadithi ya Bwana Borafya, mzee mwenye mfenesi, mkono wa birika, ambaye jirani hapati kwake hata kokwa. Nikasema naweza. Nilikuwa nimechoka kuchora vitu vinavyofutika baada ya wiki mbili za kuosha vyombo. Nilitaka kitu changu kimoja kibaki.

Mzee wa kwanza nilimchora kwa kutazama picha kwenye simu. Bi Ummkulthum alimtupia jicho mara moja tu.

"Huyu si Silima, yule muuza pweza wa Forodhani?"

"Ndiye, Bi."

"Ana wajukuu watatu skuli. Unataka wenzao wawaite wajukuu wa mchoyo? Riyama mwanangu, mji wenyewe huu mdogo, kila uso una mwenyewe. Mimi nataka mtu asiyekuwepo. Mtoe kichwani."

Kichwani! Kama vile kichwa changu ni kabati, nifungue tu mlango nimtoe mzee na bakora yake.

Nilijaribu. Akatoka mtu mwenye uso wa yai la kuchemsha. Kanzu yake nikaiona tupu mno, mkono ukaniwasha, nikaitia maua mabegani, kisha mikononi, kisha mpaka chini. Bi Ummkulthum akauliza kama huyo ni mchoyo au bwana harusi. Akanipa siku nne, mpaka Alhamisi. Baada ya hapo, alisema, picha zitatengenezwa na kompyuta, nayo haichukui hata dakika.

Mdogo wangu Nadra akaniambia nianze na macho. Nikaanza na macho, mzee akawa kama kaona jini. Akaniambia basi nianze na duara. Nikamwambia aondoke mbele yangu. Nilichana karatasi tisa siku ile, na ya kumi nililia juu yake, kwa hasira, si kwa huzuni. Nilijiona muongo niliyezoea kusifiwa kwa kazi ya kurudia.

Jumatano nilikuwa na harusi Mangapwani. Nilipommaliza biharusi, shangazi yake akataka apakwe hina kwenye ncha za vidole. Akanipa mkono, umefumbwa.

"Fungua, shangazi."

"We paka hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi? Ncha zenyewe sizioni!"

Ilibidi nimkunjue kidole kimoja kimoja. Nilidhani kashika ufunguo, au kipuli. Hakushika kitu. Nilikuwa bado nanung'unika moyoni nilipogundua kwamba sijainua macho hata mara moja kumtazama usoni, na tayari nnajua kwamba mwanamke huyu akikumiminia chai hakujazii kikombe. Hivyo ndivyo nilivyowajua watu miaka yote. Nyuso zao huja mwisho, wakati wa kuaga.

Niliporudi nyumbani sikugusa macho wala duara. Nilichora ngumi. Ngumi ya mzee, ya mwanamme, yenye pete. Mbona kafumba? Pete imembana, amenenepa, na hataki sonara aikate. Basi mkono unamuuma, basi anauinua kidogo, basi bega moja liko juu. Shingo ikazama. Midomo ikajifinya bila mimi kuiamrisha. Kanzu niliiacha nyeupe, na kuiacha kwenyewe kulinigharimu bilauri mbili za maji baridi.

Alhamisi asubuhi Bi Ummkulthum alimtazama muda mrefu. Nilisubiri sifa.

"Simu yako iko wapi?"

Damu ilinipanda. Nikaitoa, nikaiweka mezani kwa kishindo. Akaisukuma pembeni, akanipa karatasi na penseli.

"Mgeuze. Nimuone mgongo, anakwenda zake. Kama ulimnakili mahali, mgongo huna."

Sikuwa nao kweli. Siku zote nne nilihangaika na uso, hakuna aliyenitajia mgongo. Nilitamani nimrushie penseli ile. Badala yake nikachora, haraka, kwa hasira ile ile: kiatu kilicholika upande mmoja, kanzu iliyopanda nyuma kwa sababu ya tumbo la mbele, kofia iliyovutwa mpaka masikioni asije akalazimika kuitika salamu.

Bi Ummkulthum akainama juu ya karatasi.

"Anakwenda wapi?"

"Darajani, kununua ndizi."

"Na mafenesi yote yale?"

"Fenesi hali, Bi. Linamsumbua tumbo tokea utotoni."

Niliyasema kama mtu anayeulizwa habari za jirani yake. Bi Ummkulthum akavua miwani.

"Hilo halimo kwenye hadithi."

"Halimo," nikasema, "lakini ndivyo alivyo."

Akavuta maandishi yake, akafungua ukurasa wa kwanza, akaliandika.