Mzigo Ambao Inveta Haikuuona

Narelle alikuwa mtu wa kuchomoa. Kabla ya kulala alichomoa birika, akachomoa redio, akachomoa chaja ya simu, kisha akarudi kuzipapasa soketi kwa vidole kuhakikisha kwamba alichokichomoa amekichomoa. Wengine hupitia dua zao wakati huo. Yeye alipitia plagi. Mumewe Wade mwanzoni alikuwa akicheka, baadaye akaacha kucheka, mwishowe akaacha na nyumba. Hakuondoka kwa sababu ya plagi, lakini siku ya kufunga mizigo alizitaja.

Binti yao Tegan, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda kukaa na baba yake na mke mpya kule Adelaide. Mama alimpata likizo za shule tu. Likizo ile ya Julai alimchukua na trela yake ndogo ya kulala, ile inayofunguka kama sanduku hema likasimama juu yake, wakaelekea bara kwenye udongo mwekundu, ambako mchana unavua sweta na alfajiri maji ya ndoo yameshika barafu.

Siku za mwanzo hazikuwa tamu.

"Mama, najua kukata nyanya."

"Kisu hakiulizi kama unajua."

"Kwa baba napika mimi kila Alhamisi."

Narelle akakichukua kisu, akazikata nyanya mwenyewe. Moyoni aliumia, maana alijua mwana anamponyoka na kila akimkaza ndivyo anavyozidi kuponyoka. Lakini mtu atauambiaje mkono uache kukaza?

Mambo yalibadilika alasiri moja, barabarani. Kangaruu jike alikuwa amelala pembezoni mwa lami, amegongwa na lori usiku uliotangulia. Watu wa huko wakimwona hivyo husimama, wakamvuta kando, wakatazama mfuko wa tumboni. Narelle alitaka kupita, akihofia malori. Tegan aliweka mkono juu ya usukani, taratibu, bila kelele.

"Simama, Mama. Tafadhali."

Wakasimama. Mfukoni mlikuwa na kitoto hai. Masikio yamelala nyuma, miguu mirefu kuliko mwili, manyoya ndiyo kwanza yanachipua, laini kama vumbi juu ya pichi. Tegan alikitia ndani ya kofia ya sufu, kofia ndani ya foronya, foronya ndani ya koti lake, akafunga zipu mpaka kidevuni. Tangu hapo hakuwa tena msichana wa kununa.

Walipofika kilimani simu ikashika mtandao, wakampigia mama mmoja wa mji wa mbele anayelea wanyama yatima kwa kibali, jina lake Shirl. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyekwisha zika wengi.

"Maziwa ya ng'ombe msimpe. Kelele asisikie. Joto, joto, joto. Huyo bado alitakiwa awe tumboni, hawezi kujipasha mwenyewe. Mna kitu cha kumpashia?"

Narelle alikuwa nacho: kimkeka cha umeme cha paka wake mzee aliyekufa mwaka uliopita, kidogo kama kitabu cha picha, bado kimo kwenye droo ya trela.

"Basi kinatosha. Mnileteeni asubuhi. Sasa hivi jua linazama, msitembee. Mtanigongea wengine watatu njiani."

Wakapiga kambi kando ya bwawa, mahali pa bure ambapo wasafiri hulala. Jirani yao pale alikuwa Merv, mzee aliyewahi kuendesha malori, sasa anazunguka nchi peke yake na kiti cha kukunja na soseji zake. Narelle aliwasha inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Akachomeka kimkeka. Tegan naye akachomeka chaja ya tableti yake. Taa ya kijani ikawaka, ikatulia. Kimkeka kikaanza kupata joto. Kitoto kilitikisa sikio moja, na mama na binti wakatazamana, wakacheka kimyakimya ili wasikishtue.

Narelle alikuwa amemwambia Tegan asimwambie mtu. Kwa sheria za huko mnyama wa porini hakai na asiye na kibali, na japo Shirl alikuwa anajua, Narelle aliogopa askari wa pori asije akatokea na maswali. Kwa hiyo Merv alipokuja na soseji mbili ndani ya mkate, hakuonyeshwa kilichomo ndani ya foronya.

"Dada, hilo sanduku lako linanguruma," alisema, akielekeza kidole kwenye inveta. "Unajua linakula hata likiwa halina kazi? Kama shemeji yangu."

"Linakula kiasi gani?"

"Si kingi. Lakini kesho wanasema mawingu, na sola bila jua ni sinia tu. Ukiwa na wasiwasi bonyeza kitufe hiki cha kubana matumizi. Likiona hakuna kinachotumia umeme, linalala lenyewe. Likiona kitu, linaamka."

Ukiwa na wasiwasi. Kumwambia Narelle maneno hayo ni kumwambia samaki ukiwa na maji. Betri ikiisha usiku, kimkeka kitapoa, kitoto kitakufa. Aliliona hilo lote mbele yake. Akabonyeza. Taa ikabaki vilevile, kijani, imetulia. Akashukuru. Merv akaenda zake, mluzi mdomoni.

Walikula. Baridi ilianza kushuka. Tegan aliketi na mkono mmoja ndani ya foronya, akasema jambo ambalo Narelle alikuwa amelingoja muda mrefu, tena akalisema huku anatazama pembeni, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mama, kama ningehamia kwako mwaka ujao. Si lazima. Ila kama. Tungeweza kuomba kibali kama cha Shirl? Pale nyuma ya nyumba kuna nafasi."

Narelle akatamani kumkumbatia, akaogopa kwamba atamkaza. Akasema tu, "Tungeweza."

"Basi tumfikishe kwa Shirl kwanza, halafu nitamwambia baba."

"Umempa jina?"

"Bado." Lakini uso wake ulisema amempa.

Ulipofika wakati wa kulala, Tegan alitaka kuingia na kitoto ndani ya mfuko wake wa kulalia, kifuani, ngozi kwa ngozi.

"Utamlalia," Narelle alisema.

"Simlalii. Mimi silali vibaya."

"Ukilala hujijui. Utageuka, utamziba pumzi, asubuhi utaniambia nini? Kuna kimkeka. Kimkeka hakigeuki."

Msichana alibisha kidogo, akachoka, akakiweka kitoto kwenye kikapu juu ya kimkeka, akakibusu juu ya kofia. Akapanda kitandani na kuvuta mablanketi. Narelle akaanza mzunguko wake. Birika. Redio. Akafika kwenye inveta. Plagi mbili: ya kimkeka na ya tableti. Tableti ilikuwa ya moto, kama zinavyokuwa zikichajiwa, na yeye alikuwa amesoma mahali habari ya tableti iliyoteketeza godoro.

Kutoka kitandani ilisikika sauti ndogo, nusu ya usingizi.

"Mama, leo usichomoe."

"Nachomoa tableti tu, mwanangu. Lala."

"Acha tu leo."

"Lala."

Akachomoa. Taa ya kijani iliyokuwa imetulia ikaanza kupepesa. Ikawaka, ikazimika, ikawaka. Narelle aliitazama akajiambia, vizuri, sasa inabana matumizi. Akagusa kimkeka: cha moto. Bila shaka kilikuwa cha moto, kilikuwa kikiwaka tangu jioni. Akalala usingizi wa mtu aliyefunga milango yote.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hawakutuambia kwamba kuna tahadhari ambayo ndiyo hatari yenyewe, imevaa khanga ya mama.

Asubuhi barafu ilikuwa imetandika tabaka jeupe juu ya turubai. Narelle aliamshwa na ukimya. Tegan alikuwa ameketi sakafuni na soksi zake, kikapu mapajani. Hakulia. Alikuwa ameingiza mkono chini ya kofia ya sufu, na mkono ule haukusogea.

"Ni wa baridi," alisema.

Narelle akapiga magoti. Kitoto kilikuwa kimejikunja, pua imeingia katikati ya miguu mirefu, kama kilichokuwa kikiutafuta mfuko. Akagusa kimkeka. Baridi kama kigae. Akaitazama plagi: imo. Akaitazama swichi: imewashwa. Betri ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Na taa ya kijani bado inapepesa, kwa subira, kama ilivyokuwa ikipepesa usiku kucha.

"Labda alikuwa ameumia ndani," Narelle alisema. "Wakati mama yake alipogongwa. Hawa wengi hawaishi, Tegan. Hata Shirl alisema..."

"Shirl alisema joto."

Nje Merv alikuwa anachemsha chai. Aliwasikia wakitoka, akageuka na utani wake tayari mdomoni, akaona kikapu, akaumeza.

"Mlikuwa na kitoto humo," alisema. "Masikini. Mbona hamkuniambia?"

"Kimkeka kimeharibika," Narelle alisema haraka. "Kilikuwa cha zamani, cha paka."

Merv, kwa kutaka kusaidia, akapanda ndani. Akakitazama kimkeka, akasoma maandishi madogo nyuma yake. Akachukua chaja iliyokuwa kando, bado imeunganishwa na tableti, akaichomeka tena. Taa ikatulia. Akangoja, kiganja juu ya kimkeka, kisha akauondoa mkono polepole.

"Hakijaharibika," alisema. "Kinapata moto sasa hivi." Akakuna shingo. "Ni kile kitufe. Hiki kimkeka kinatumia umeme kidogo mno. Kikiwa pamoja na chaja, inveta inauhisi mzigo wa umeme. Kikibaki peke yake, haikioni. Inadhani hakuna mtu, inalala. Dada, ningejua mna kiumbe humo nisingekwambia ubonyeze. Hii chaja ilichomolewa usiku?"

Tegan alikuwa anaitazama chaja ya tableti yake, halafu akamtazama mama yake. Halikuwa jicho la hasira. Narelle angelipenda liwe la hasira. Lilikuwa la mtu aliyekuwa akijua jibu siku zote, akajaribu kidogo kulisahau.

"Nilikwambia usichomoe," alisema.

"Nilidhani unataka tableti ijae chaji."

"Nilisema usichomoe chochote. Nilijua utadhani hivyo."

Merv aliwaazima koleo. Ardhi ilikuwa ngumu, Narelle akataka kuchimba, Tegan akasema atachimba mwenyewe. Kwa mara ya kwanza mama hakuuchukua mpini. Alisimama na mikono ndani ya makwapa akiona viganja vya mwanawe vinachubuka, na kila koleo lilipogonga jiwe alilisikia mifupani mwake. Kitoto kilizikwa na kofia yake. Merv alivua yake, akasimama mbali, uso ameuelekeza bwawani.

Kwenye kilima mtandao uliporudi, Narelle alimpigia Shirl kumwambia asingoje. Shirl alikohoa, akasema pole, akasema wengi hufanya kosa hilohilo au ndugu yake. Kisha akauliza, "Na msichana? Angeweza kumlaza kifuani pake tu. Mwili wa mtu hauzimiki." Narelle alisema ndiyo, asante, akakata simu.

Siku zilizobaki za likizo walizimaliza kwa adabu. Tegan aliosha vyombo, alisema asante, hakugombania kisu. Habari ya mwaka ujao haikutajwa tena, na Narelle hakuwa na uso wa kuitaja.

Adelaide, mbele ya nyumba ya Wade, msichana alishuka na begi lake. Baba alimkumbatia, akauliza viganja vimepatwa na nini. Narelle alikuwa nyuma akifungua mlango wa trela kutoa viatu vilivyosahaulika, ukuta wa trela katikati yao, akasikia sauti ya binti yake ikikatika vipande kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile.

"Alikuwa anaitwa Nutmeg, Baba. Alikuwa anaitwa Nutmeg."

Narelle alibaki na viatu mkononi mpaka kilio kilipopungua. Ndipo alipotoka.

Tegan bado huja likizo, lakini si zote. Inveta ile ingalipo, kitufe cha kubana matumizi kimefunikwa kwa utepe mweusi. Narelle bado ni mtu wa kuchomoa, tabia haing'oki kama plagi. Ila binti akiwepo, akifika kwenye soketi husimama kwanza na kuuliza, kisha hungoja jibu mpaka lije, hata likichelewa, hata likija kwa sauti ndogo.

Nawe mwenye trela na watoto, usiiamini taa ya kijani. Taa inasema habari za sanduku, haisemi habari za kitu kilichochomekwa. Ukikiacha kitu kidogo peke yake kwenye inveta inayobana matumizi, usiende kulala na joto ulilolikuta. Ngoja kidogo, kisha rudi uweke mkono. Na mwana akikwambia acha, muulize anasema nini kabla hujavuta.