Pumzi za Bibi

Chiriku alijiambia kwamba siku albamu yake itakapotoka, atalia. Bibi yake aliyemlea alizikwa, naye hakutoa hata chozi la kusingizia; alichemsha chai, akaosha vikombe, akaitikia pole za watu akiwa kama gogo. Basi matumaini yote akayaweka kwenye albamu.

Zilikuwa nyimbo za kutwanga, alizofundishwa na bibi huyo huyo. Nyingi aliziimba mwenyewe kwa gitaa. Wimbo wa mwisho alimwachia bibi; Chiriku alimrekodi kwa simu akiwa kwenye kinu chake, miezi michache kabla hajafa. Kampuni hakuwa nayo, wala meneja, kwa hiyo alijifunga kibwebwe mwenyewe. Asubuhi moja, ndala miguuni na mswaki mdomoni, akaipandisha albamu mtandaoni. Pongezi zikamiminika. Akazisoma zote, akahisi ganzi ileile, akaenda dukani kununua sabuni.

Jioni akampelekea mama yake asikilize. Mama ni mtu wa kusifu kwa kunyamaza. Alizisikiliza nyimbo za bintiye huku akikunja nguo. Ilipoingia sauti ya bibi, akaliweka shati chini.

Sasa, nyimbo za kutwanga zina mwendo wake. Kila mstari ukiisha mchi unashuka, mtwangaji anatoa pumzi, "hmh," ndipo anaingia mstari unaofuata. Mama akaanza kuimba pamoja na marehemu mama yake. Akatoa pumzi yake, na alipotaka kuingia mstari wa pili, akakuta mwenzake ameshafika mbali. Akajaribu tena, akaachwa tena.

"Mbona ananikimbia?" akauliza.

Chiriku alijua mara moja. Fundi wa studio alimuuliza kama asafishe kelele, ile mihemo na vile vishindo, naye kwa ujuaji wake wote akajibu safisha kila kitu. Fundi akazikata pumzi zote za bibi na kuiunganisha mistari. Rekodi ya mwanzo haipo tena; fundi hakuweka nakala, na Chiriku aliifuta kwenye simu ili apate nafasi ya picha za jalada.

Akamweleza mama yote, bila kupamba. Mama hakumgombeza.

"Mama hakuwa na haraka hivi," alisema tu.

Chiriku akangoja kilio kije. Ikaja aibu, nayo haikukaa. Akaurudisha wimbo mwanzo, akaweka kidole kwenye kitufe. Mstari ulipoisha, akausimamisha. Mama akamwangalia, akaelewa, akatoa pumzi: "hmh." Chiriku akauachia. Mstari wa pili ukaisha, akausimamisha tena, macho makavu. Wakaenda hivyo mstari kwa mstari, mpaka bibi akamaliza kutwanga.