Mkaguzi Mwenye Adabu

Agapiti hakuzaliwa kuambiwa kwamba kazi yake ina kasoro. Chombo chake cha kujaribia programu za JavaScript alikiita Mkaguzi. Alikiandika mwenyewe, na kila aliyeingia katika ofisi yao ndogo pale bandari kavu ya Isaka alionyeshwa, atake asitake, hata muuza karanga.

"Agapiti baba," alisema Mama Limi, mkuu wa ofisi, "huyu Mkaguzi wako akikuta kosa ananiambia 'Imefeli.' Imefeli nini? Wapi? Mimi mganga?"

"Nitamboresha, mama."

"Mboreshe upesi. Programu ya foleni ya malori inawashwa mchana huu. Akiendelea na mafumbo, namfuta, nachukua cha watu wengine."

Kumfuta! Agapiti aliwaka masikio, akainamia kompyuta. Kwao Usukumani mtu hatupiwi habari mbaya usoni kama maji ya vyombo. Husalimiwa, huulizwa ya nyumbani, na moyo ukishatulia ndipo huambiwa. Basi kumbe Mkaguzi alikosa adabu tu!

Alipomaliza, Mama Limi akaendesha majaribio. Kioo kikaandika: "Shikamoo mama. Za nyumbani?" Kikasimama.

"Anangoja nini?"

"Uitikie, mama. Andika marahaba."

Akaandika.

"Ng'ombe hawajambo?" akauliza Mkaguzi.

"Sina ng'ombe, Agapiti!"

"Mwandikie hivyo hivyo, ataelewa."

Nje lori likapiga honi, jingine likaitikia. Mkaguzi hakuwa na haraka: "Mama, kaa chini. Yapo ya kuzungumza."

Mama Limi akashika kifua. "Nani amekufa?"

"Jaribio la uzito wa malori," alisoma Agapiti kiooni.

"Limekufaje?"

Agapiti akachungulia kioo tena. Hakujua. Mkaguzi wake hakusema.

"Nakunywa chai," alisema Mama Limi akiinuka. "Kikombe kikiisha, namfuta."

Agapiti alizifyeka salamu zote, ng'ombe wakaenda nazo. Akamfundisha Mkaguzi kusema alichotarajia, alichokikuta na mahali alipokikuta. Mama Limi aliporudi, kioo kilisema:

"Nilitarajia namba 28. Nimekuta maandishi '28'. Faili ya uzito, mstari wa 40."

"Ala!" Mama Limi aliketi. Uzito uliingia kama maandishi, na maandishi hulinganishwa kwa tarakimu ya kwanza, 9 dhidi ya 2, ndiyo maana programu iliona lori la tani tisa zito kuliko la tani ishirini na nane. Akarekebisha, akajaribu tena, yote yakapita.

"Huyu simfuti," alisema. "Ila muongeze kitu kimoja. Awe anataja na jina la aliyeandika mstari wenye kosa."

Agapiti, aliyeuandika mstari ule kwa mikono yake miwili, alikohoa.

"Hapana, mama. Huko tena ni kumvunjia mtu heshima."