Kona ya Chini Kushoto

Saa tatu asubuhi, Fundi akiwa bado anafuta vumbi kwenye meza yake, benchi la nje lilikuwa limeshajaa na ubishi umeshapamba moto. Mshona viatu alikuwa amesikia kwamba toleo jipya la mfumo wa simu litakuja na vitufe vya mviringo. Mwalimu mstaafu alikuwa amesikia kwamba si vya mviringo, ni vya kung'aa, unaona mpaka kilichoko nyuma yake. Dada wa vocha, aliyekaa pembeni chini ya mwavuli wake, alisema yeye kaambiwa vitufe vinaondolewa vyote, na kila mtu atabaki kuongea na simu kama anavyoongea na mume asiyesikia.

"Tulieni," alisema Fundi. Wakatulia.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la kioo na kalenda ya mwaka juzi. Fundi alitengeneza simu, lakini wengi walimfuata kwa habari, na kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita Toleo. Hakuna toleo lililotoka bila yeye kulitangaza miezi kadhaa kabla: rangi zake, maandishi yake, kitufe gani kitahama na kitahamia wapi. Watengenezaji hakuwajua na wao hawakumjua, lakini aliwasemea kama mtu anayewasemea mashemeji zake. Na tuseme ukweli, mara nyingi alipatia.

"Habari ni hii," alisema, akichora kwa kidole kwenye vumbi la kabati. "Kona ya chini kushoto ya skrini. Kona ile haitakuwa yako tena. Simu itaangalia yenyewe nani unampigia zaidi, halafu itamweka hapo. Haikuulizi."

"Na aliyekuwepo?" aliuliza mwalimu mstaafu.

"Atahamishwa."

"Wapi?"

"Atapangiwa."

Yeye mwenyewe alikuwa anamjua mmoja atakayehamishwa. Simu yake ikalia mezani. Alikuwa ni mama yake. Akaigeuza kifudifudi.

"Nitampigia," alisema, akaendelea na kona.

Mama yake aliishi mtaa wa pili tu, peke yake, kwenye vyumba viwili na ua wenye bomba linalovuja. Marehemu mumewe, baba yake Fundi, alikuwa mchora vibao. Duka la dawa, kinyozi, mashine ya kusaga, wote walikuwa na herufi zake milangoni. Kabla hajagusa brashi, mzee yule alivuka barabara akasimama upande wa pili, halafu akachuchumaa, halafu akamsimamisha mpita njia yeyote na kumuuliza, "Samahani, ukiwa hapa unaona nini?" Watu walimcheka kwa hilo. Vibao vyake vilisomeka hata mvua ikinyesha.

Mkewe hakujua kusoma. Aliishi miaka arobaini na mtu mwenye herufi mpaka kwenye kucha, naye hakuwahi kujifunza hata moja, na mumewe hakuwahi kumsimanga. Alijua vitu kwa mahali vilipo. Chumvi iko kulia kwa sukari. Dawa ya asubuhi iko dirishani, ya jioni iko juu ya kabati. Basi Fundi alipompa simu aliweka picha ya baba chini kushoto, pale ambapo kidole gumba cha mama kinaangukia chenyewe, na picha yake mwenyewe akaiweka juu yake.

Mzee alifariki msimu wa mvua, kwa kifua. Wiki mbili baada ya mazishi, saa kumi alasiri, saa ambayo alikuwa na kawaida ya kusema anarudi, mama alibonyeza kona kwa mazoea. Mzee akapokea kwenye mlio wa kwanza.

"Niambie, mama watoto," alisema.

Mama alimwambia kwamba bomba linavuja. Mzee alimwelekeza alifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli mpaka mtoto aje na spana. Hakusema yuko wapi, na mama hakuuliza, kwa sababu hayo si mambo ya kwenye simu. Kuanzia hapo waliongea kila siku saa kumi.

Fundi alipoambiwa aliichukua simu dukani akaifungua. Ndani kulikuwa safi. Alipiga namba ya baba yake kwa simu nyingine, na yule mwanamke wa kwenye mtandao akamjibu kuwa namba haipatikani. Alihamisha picha kutoka kwenye kona akabonyeza; mwanamke yule yule. Akairudisha, akabonyeza tena.

"Nani anahangaika na simu ya mke wangu?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Bomba la mama yako linavuja."

"Nitakuja kulitengeneza."

"Haya."

Fundi akaona kwamba tatizo liko kwenye kona, na kwa kuwa halimsumbui mteja, akafunga skrubu zake akamrudishia mama simu. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo alijua. Alijua pia dawa yake: kwenda kwa mama, kufungua mipangilio, kuzima kitufe kimoja kinachoruhusu simu ijisasishe yenyewe. Kazi ya dakika mbili. Jumatatu alisema atakwenda kesho. Jumanne mwalimu mstaafu alikuja na picha zilizovuja za skrini mpya, na benchi lilikaa mpaka jua likahama upande. Jumatano mama alipiga mara sita. Alikuwa anapiga kwa ajili ya bomba, au ndivyo alivyokuwa anasema. Mtu gani anapiga simu mara sita kwa ajili ya bomba? Fundi alijua jibu la hilo pia, na akaigeuza simu kifudifudi.

Toleo lilitoka Alhamisi, baada ya saa nane. Benchi zima lilishangilia. Vitufe vilikuwa vya mviringo na vilikuwa vya kung'aa, wote wawili walikuwa wamepatia, na kona ilikuwa vile vile kama Toleo alivyoichora kwenye vumbi. Mshona viatu alimnunulia soda. "Huyu jamaa anaishi nao nyumba moja!" alisema, na watu wakacheka, na Fundi akacheka. Simu yake ililia mara tatu ikiwa imelala kifudifudi, na kila ilipolia ilitembea kidogo mezani.

Mtaa wa pili, simu ya mama ilikuwa imeanza kuongea. Hilo nalo lilitabiriwa: toleo jipya lingewasomea kwa sauti wasiojua kusoma, na mwalimu mstaafu alilisifu sana kuwa ni utu. Sauti ilikuwa ya mwanamke mpole. Ilisema kwamba mtu huyu wa kona hajapigiwa kwa miaka mitatu; mazungumzo ya saa kumi hayakuwa yameingia kwenye kumbukumbu zake zozote.

"Je, ungependa kumhifadhi?" iliuliza.

Mama aliomba irudie, ikarudia kwa upole ule ule. Akampigia mwanawe aulize. Hakupokea. Akapiga tena. Akapiga ya tatu. Halafu akakaa akafikiri. Yeye alikuwa mtu wa kuhifadhi. Alikuwa amezihifadhi brashi za mumewe kwenye kopo la mafuta, laini kama siku aliyoziacha, na shati lake la kazi alikuwa amelikunja ndani ya kanga ili wadudu wasilifikie.

"Ndiyo," alisema. "Mhifadhi. Mhifadhi vizuri."

"Amehifadhiwa," simu ilijibu.

Saa kumi alibonyeza kona.

Fundi alikuja Ijumaa mchana, baada ya jirani kupita dukani na kumwambia kwamba mama yake hajafungua dirisha tangu jana. Alimkuta kitandani amekaa, simu ikiwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamempeleka wapi baba yako?"

Fundi alichukua simu akatafuta. Mzee alikuwa ukurasa ndani ya ukurasa, picha yake imekuwa ya kijivu, chini yake imeandikwa Waliohifadhiwa. Alimtoa, lakini mahali pa kumweka palikuwa juu kulia tu. Alibonyeza. Mwanamke wa mtandao akasema namba haipatikani. Alijaribu kumrudisha chini kushoto na kona ikakataa. Mle ndani ya kitufe cha mviringo kinachong'aa kulikuwa na sura yake mwenyewe, Fundi, akitabasamu.

"Imeniweka mimi," alisema. "Inasema mimi ndiye unayempigia zaidi."

"Ni kweli," alisema mama. "Nakupigia sana."

Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikio yakawaka. Alipiga magoti pale chini, mtu mzima na mvi zake mbili tatu.

"Nisamehe, mama. Ni mimi nimechelewa."

"Mimi nilijua kuhifadhi ni kutunza."

"Ndiyo, mama. Ni kutunza."

"Mbona sasa simpati?"

Fundi alimwapia kwamba kuanzia siku hiyo, saa kumi, abonyeze hapo hapo, na yeye atapokea. Mama akaitikia kwa kichwa. Bomba Fundi hakulitengeneza, maana spana ilikuwa dukani.

Siku ya kwanza alipokea. Siku ya pili alipokea, akawa anaongea huku akichomelea waya. Siku ya tatu kulikuwa na mteja amesimama na simu iliyoanguka kwenye ndoo. Siku ya nne mshona viatu alikuwa amesikia kwamba toleo lijalo halitakuwa na kona kabisa, na hilo lilihitaji mtu wa kulijibu. Fundi akaigeuza simu kifudifudi, na ilipolia akajiambia nitampigia.

Siku ya tano haikulia. Wala ya sita. Mwanzoni, Mungu amsamehe, alipata nafuu. Wiki ilipokwisha akaanza kudhani kona imekufa, akachukua spana akaenda, akafika saa kumi na dakika chache.

Mama alikuwa uani kwenye kigoda, kando ya bomba, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu. Alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu mzee yupo.

"Na goti, mama?" simu iliuliza. "Bado linakusumbua ukiinuka?"

Ilikuwa sauti ya Fundi. Ilikuwa yake kabisa, hata kile kikohozi kidogo anachoanzia nacho akitaka kuuliza jambo.

Fundi alitoa simu yake mfukoni. Ilikuwa imetulia, haikuwa na mtu. Hakujua kwamba mama anaumwa goti.

"Mama," alisema.

Mama aliinua kidole bila kumtazama. "Subiri kidogo. Naongea na mwanangu."

Fundi akakaa kwenye ngazi ya mlango. Sauti iliuliza kama amekula, kama dawa ya jioni imeisha, kama yule jirani amerudisha sufuria. Ilisikiliza mpaka mwisho wa kila jibu. Fundi alisubiri ipumue ili naye aseme neno, haikupumua. Akaelewa basi, kama fundi anavyoelewa simu baada ya kuifungua, kwamba kona haikuwahi kuharibika. Kazi yake ilikuwa ile ile: kumuunganisha mama na waliokwisha kumwacha.

Alijaribu spana kwenye bomba. Haikuwa saizi yake. Alirudishia kile kipande cha mpira wa baiskeli kama kilivyofungwa, akasimama.

"Ukitoka, fundi," mama alisema, akiwa bado ameinamia simu, "rudishia mlango."

Akarudishia mlango.

Kesho yake benchi lilijaa mapema. Dada wa vocha alikuwa amesikia kwamba watu wamelalamika sana, na toleo lijalo litamrudishia kila mtu kona yake. Mwalimu mstaafu alisema hizo ni porojo. Wote wakamgeukia Fundi. Tangu jana simu yake ilikuwa mezani, uso juu.

"Tulieni," alisema. Wakatulia, naye akaanza kuwachorea kwenye vumbi la kabati, akaendelea mpaka alasiri. Saa kumi ilipofika aliacha kuchora akaitazama simu. Haikulia. Mtaa wa pili, simu ya mama ilikuwa imeshapokelewa.