Mstari Wote

Aligonga ukuta. Akarudi nyuma hatua mbili, akageuka kidogo kulia, akaugonga tena pale pale. Kisha akakaza mwendo kama mtu aliyeona mlango wazi mbele yake, akaenda kujibamiza kwenye nguzo, akabaki hapo akikanyaga hewa. Mjomba, aliyekuwa akicheka tangu mwanzo, aliacha kucheka.

Mimi niliendelea kutazama kioo cha kompyuta, nimejikausha. Ilikuwa Jumamosi mchana, karakana tumeshaifunga, na jua la dirishani lilikuwa limefika kwenye miguu ya meza ya ufundi. Aliyekuwa akigonga kuta hakuwepo chumbani. Alikuwa mbali, safari ya siku nzima, akimuuguza mama yake. Tulichokuwa tunakitazama ni nyayo zake tu, alizozirekodi ndani ya mchezo na kututumia, na mimi ndiye niliyezitia katika nyumba isiyo yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa mkongwe, wa enzi za kioo cheusi chenye alama moja inayopepesa. Unauona mkono wako tu umeshika bunduki, na mbele yako vyumba, milango na maadui. Watu wengine waliuwasha kwa kubofya picha. Mjomba aliwaita hao abiria. Yeye aliuwasha kwa mstari: jina la injini ya mchezo, kisha maneno, kila neno limetanguliwa na kistari, na kila neno lina kazi yake. -skill na tarakimu, unachagua ugumu. -warp, unatua moja kwa moja kwenye ramani unayoitaka. -nomonsters, maadui wote wanaondoka, unabaki wewe na kuta. -record, mchezo unaanza kukurekodi. -playdemo, unakuonyesha tena ulichofanya.

Mjomba alitengeneza kompyuta zaidi ya miaka ishirini, na mchezo ule ndio uliokuwa kipimo chake. Mashine ikikubali mstari mrefu na kucheza bila kukwama, imepona, mteja aitwe. Kila mstari uliowahi kuandikwa pale aliunakili kwenye daftari la jalada gumu, pamoja na tarehe. Mimi, mpwa wake, nilianza kumwandikia nikiwa na miaka kumi. Yeye bisibisi mkononi, mimi kwenye kibodi, naye anasema neno moja tu: "Andika." Natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo akanibatiza Mashoto. Wenzangu walikuwa na baba wa kuwapeleka matembezi. Mimi nilikuwa na "Andika" yangu, ikanitosha.

Halafu akaja Sindano.

Alikuwa mtoto wa mama mdogo, miaka kumi na tisa, mwembamba kama jina lake, na aliniita Dada kwa heshima zote. Nilikuwa na ishirini na tatu. Wiki ya kwanza nilimwonyesha pa kuweka mwavuli na jinsi ya kufunga dirisha lenye bawaba mbovu. Wiki ya pili akamuuliza Mjomba, "Na tukiandika maneno mawili yanayopingana, injini inamsikiliza nani?" Mjomba akaweka bisibisi chini. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimeandika nilichoambiwa, tena bila kosa, na siku hata moja sikuwahi kumfanya aweke bisibisi chini.

Wivu ulinianzia hapo, na siutafutii jina la adabu. Nilianza kuhesabu. Mara ngapi amecheka na yule, mara ngapi na mimi. Kiti cha pili kikivutwa karibu na kibodi, roho iliniuma, maana kiti kile kilikuwa changu. Sindano aligundua maneno ambayo hayakuwemo daftarini. Akajifunza kuchora ramani zake mwenyewe na kuzihifadhi kwenye faili, akatuonyesha kwamba ukiandika -file na jina la faili, injini inaacha nyumba yake na kuingia katika yako. Mjomba alifurahi kama aliyeletewa mjukuu. Siku hiyo alimpa kalamu, akamwambia aandike ugunduzi wake daftarini kwa mwandiko wake mwenyewe. Nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu. Nilisimama uani na simu sikioni, imezimwa, nikisema "ndiyo, ndiyo" peke yangu.

Mwaka wa tatu mama mdogo akaanguka, upande mmoja wa mwili ukakataa. Sindano akaenda kumuuguza. Mwezi huohuo daktari wa macho alimwambia Mjomba kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uoni wake, na kilichobaki hakitakaa sana. Mjomba akarudi, akajifuta miwani, akasema meza ya ufundi inahitaji mwenyewe.

"Kila mmoja wenu anirekodie mchezo," alisema. "Wewe hapa, mwenzako kulekule aliko. Nitaangalia nikiwa bado naona. Mtu anavyocheza ndivyo anavyofungua mashine ya watu."

Bahasha ya Sindano ililetwa na mteja wetu aliyekuwa akirejea kutoka huko. Ndani mlikuwa na flashi na kipande cha karatasi. Mjomba aliipokea yeye, akakaa nayo dirishani kitambo, kisha akanikabidhi. Kwenye karatasi mlikuwa na mstari mmoja: jina la injini, -file karakana, -playdemo sindano.

Jumamosi tulianza na wangu. Nilicheza vizuri na nilijua. Dakika nne, risasi chache, kila kona nimeichungulia kabla ya kuiingia. Mjomba, pua karibu iguse kioo, alisema, "Mkono wako mzuri, Mashoto." Kisha akasema, "Haya, wa mwenzako. Andika."

Nikaiweka karatasi karibu na kibodi. Nikaandika jina la injini. Jicho langu likafika kwenye -file karakana, likakaa hapo. Sikusahau. Baadaye nilijaribu sana kujiambia kwamba nilisahau, lakini vidole vyangu vilikuwa na miaka kumi na sita ya kutosahau. Niliruka neno lile pamoja na jina la faili lake, nikaandika -playdemo sindano, nikabonyeza.

Injini haikulalamika. Haina habari ya kilichoachwa, inafanya kilichoandikwa. Na mchezo ule haurekodi picha, unarekodi vidole tu: mbele sekunde mbili, kulia kidogo, simama, mbele tena. Cha ziada unachokumbuka ni kama mchezaji aliwaondoa maadui. Nyayo zilizokanyagwa kwenye ramani ya Sindano zikaanza kutembezwa kwenye ramani ya kwanza ya injini, nyumba nyingine kabisa. Ndiyo maana aligonga ukuta.

"Mbona hakuna maadui?" aliuliza Mjomba.

"Labda amewaondoa ili iwe rahisi," nilisema. Nilipenda jinsi nilivyolisema, taratibu, kama ninayemwonea huruma.

Sindano akajikuta kwenye pembe, akageuka, akaitazama pembe hiyo muda mrefu.

"Una hakika umeandika mstari wote?"

"Wote, Mjomba."

Akainamia kioo. Kwenye kioo mkono ule wenye bunduki ulirudi kuisukuma nguzo. Hakufyatua hata risasi moja. Ilikuwa dakika tatu na nusu, na sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu kama ule.

"Mashoto. Wote?"

"Wote."

Akageuza uso dirishani. "Zima," akasema.

Jumatatu alinipa ufunguo wa karakana mbele ya wateja wawili na fundi wa redio wa jirani, na watu wakanipa mkono. Jioni Sindano akapiga simu.

"Dada, mliuona?"

"Tuliuona."

"Mjomba alisemaje?"

"Hakusema kitu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake mama mdogo alikuwa akiita. "Basi hongera, Dada," akasema. "Nisalimie Mjomba." Hakurudi kufanya kazi kwetu. Mama yake alipopata nafuu alikodi kibaraza kulekule, akaweka meza, akatengeneza simu. Tumekutana kwenye harusi na misiba ya ukoo, tukapeana salamu za mlangoni, kila mmoja akiwa na sahani ya kupeleka mahali.

Niliipata meza. Nimeifanyia kazi kwa haki, wala sitajitia unyenyekevu wa uongo hapo. Mjomba aliendelea kuja kila asubuhi miaka mingi, akikaa karibu na mlango, akiwatambua wateja kwa sauti. Alinishauri, alinitania, alikula nami mchana. Ila tangu Jumamosi ile hakuniambia tena "Andika." Nilijiambia ni macho. Kitu nilichokilinda kwa meno kiliondoka siku ileile niliyokilinda, nami nikajitia hamnazo kwa miaka kumi na moja.

Mwaka jana binti yake alimchukua akaishi naye. Haoni kitu sasa, hata mwanga. Walipokuwa wakifunga vitu vyake Mjomba alinitumia daftari, na salamu fupi kwamba kwake halisomeki tena.

Nilifungua nikiwa nimesimama kwenye meza, mteja wa printa akisubiri. Nilipitia mistari ya utoto wangu, nikapita mwandiko wa Sindano haraka, hata sasa, nikafika ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Tarehe ilikuwa ya Jumamosi ile. Kwa herufi kubwa zilizokuwa zinapanda na kushuka, herufi za mtu anayekaribia kupoteza macho, alikuwa ameandika mstari wa Sindano kama ulivyokuwa kwenye karatasi. -file karakana aliipigia mstari chini. Chini yake: "Nimeuliza mara mbili."

Nilimwomba mteja arudi kesho.

Flashi ilikuwa ndani ya kopo la skrubu, pamoja na karatasi. Nilikuwa nimeihamisha kopo hadi kopo miaka yote hiyo bila kuitupa, sijui kwa nini. Niliandika mstari wote, nikabonyeza.

Ukumbi ulikuwa ukumbi wetu. Mlango wa mbele, kaunta, hata dirisha lenye bawaba mbovu, ambalo kwenye ramani lilikaa wazi kidogo. Maadui alikuwa amewaondoa kwa sababu ilikuwa karakana yetu, na hapakuwa na wa kupigwa humo. Sindano akaingia taratibu, akaizunguka kaunta, akaelekea nyuma, kwenye ukuta unaotenga chumba cha ufundi na stoo, ule ambao hadi sasa naupa mgongo ninapofanya kazi. Akapita. Alikuwa ameuondoa. Vyumba viwili vilikuwa kimoja kikubwa, na ndani mlikuwa na meza mbili zinazotazamana. Moja ilikuwa kwa ndani, upande wa stoo, penye giza. Nyingine dirishani, na taa yake ilikuwa upande wa kulia.

Fundi anayetumia mkono wa kulia huweka taa kushoto, asijizibe kwa kivuli chake. Katika ukoo wetu mzima anayehitaji taa kulia ni mmoja.

Akasimama kwenye meza ya gizani, akageuka kutazama ile ya dirishani. Akabaki hapo hadi mwisho, kama mtu anayesubiri mwenzake ainue kichwa.

Jumapili nilichukua laptopu, nikaenda kwa binti yake Mjomba. Nilimkuta barazani, amenyooshewa shati.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Mashoto. Umelisoma."

"Nimelisoma." Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. "Niliruka neno kwa makusudi. Nilimwonea wivu, Mjomba. Hata leo asubuhi nilikuwa nao bado."

"Najua uliruka. Karatasi niliisoma kabla yako, kwa lenzi, nusu saa nzima."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza mara mbili. Ya tatu ningekuwa nakulazimisha." Akapapasa mkono wa kiti. "Na ufunguo ningempa nani? Mwenzako alikuwa na mama asiyeweza kusimama, na mkono wako ulikuwa mzuri kweli. Kilichoniuma ni kimoja. Nilitaka kuona alichochora. Nilikuwa bado naona wakati ule."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Miaka kumi na moja nilikuwa nikipiga hesabu ya nilichomchukulia Sindano, na sikujua kwamba nilimchukulia na Mjomba, moja ya vitu vya mwisho ambavyo macho yake yangeona. Nililia kwa sauti. Hakuninyamazisha.

Nilipomaliza, nikaweka laptopu magotini.

"Mwenzako umemwambia?"

"Bado."

"Utampigia kutoka hapahapa, nami nikisikia. Lakini kwanza nioneshe." Akavuta kiti chake kikagusa changu, akainamisha kichwa upande wangu. "Andika."

Nikaandika, nikimsomea kila neno kwa sauti.

"Wote?"

"Wote, Mjomba."

"Sasa yuko wapi?"

"Ameingia mlangoni," nikasema. "Anatembea polepole. Dirisha liko wazi kidogo, kama lilivyo."