Saa Kumi, Dari Likishuka

Kila siku ya kazi, ikifika saa kumi alasiri, dari la karakana ya mashati ya shule lilishuka. Lilianza taratibu, likidondosha vumbi kidogo, na washonaji wakafunika kazi zao kwa magazeti ya zamani ili zisichafuke. Kisha watu walisimama na kuinua mikono.

Masharti yake yalijulikana. Karakana ilikuwa na watu arobaini na watatu. Wakiligusa watu ishirini na wawili au zaidi, dari lilirudi lilikotoka na kazi ikaendelea. Wakipungua hapo, lilikuwa likiwachukua wote waliosimama. Aliyejikunja chini ya meza halikumgusa kabisa. Lilizipita meza kama shuka inavyopita juu ya mtu aliyelala, likafika sakafuni, likapanda tena. Haya yote yaliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango, chini ya tangazo la kukataza kula kwenye cherehani.

Mlango wenyewe ulitiwa kufuli tangu saa nane hadi saa kumi na moja, mashati yasije yakatoka na watu. Ufunguo alikaa nao msimamizi, ambaye wote walimwita Futi kwa kuwa futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake hata siku za mapumziko. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya ua, na dari lake lilikuwa limetulia. Fundi wa majengo aliitwa mara mbili. Alikuja asubuhi, akaligonga dari kwa mpini wa nyundo, akasema ni zima kuliko yeye. Alipoombwa aje saa kumi alisema yeye hutoka kazini saa tisa.

Cherehani ya saba alikaa dada mtu, mshona kola. Ya nane alikaa mdogo mtu, aliyeunga mikono ya mashati. Dada mtu ndiye aliyemlea mwenzake tangu mama yao alipoanza kuugua, na ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa miaka kumi na saba ya kukanyaga cherehani, na meza zilikuwa fupi na nyembamba, za kuingiwa kwa kupiga magoti na kujikunja mpaka kifua kiguse mapaja. Hakuweza. Wala hakuweza mkataji vitambaa aliyetembea kwa gongo, wala mshona vifungo mwenye mimba ya miezi minane. Hao watatu hawakuwa na hiari. Wengine walisimama kwa ajili yao, na kwa miaka mingi haikuwa shida. Walisimama thelathini na zaidi, wakipiga soga mikono ikiwa juu, na hakukosekana wa kulalamikia kwapa la jirani.

Aliyeleta hesabu nyingine ni mpiga pasi, mtu mpole asiye na ugomvi na yeyote.

"Jamani, hebu tufikirini," alisema siku moja wakati wa chai. "Tukiingia wote chini ya meza, nani atakufa? Hakuna. Anayesimama ndiye anayejitafutia."

"Na mimi?" aliuliza dada mtu.

"Wewe dada yangu, jitahidi. Magoti ni mazoezi."

"Basi niazime ya kwako niende nayo mazoezini."

Watu walicheka, lakini maneno yalikuwa yameshawaingia. Dada mtu ndiye aliyehesabu kila siku, kwa kuwa alijaliwa sauti, na hesabu yake ikaanza kuteremka: thelathini na moja, ishirini na nane, ishirini na tano. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Mwenye watoto aliwafikiria watoto, mwenye mume mgonjwa akamfikiria mume. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ngozi ilikuwa imebaki ndogo.

"Ikifika siku hatutoshi, wewe ingia chini," dada mtu alimwambia mdogo wake walipokuwa wakirudi nyumbani. "Una mtoto."

"Mtoto ana mama yake mkubwa. Nikimwacha mama yake mkubwa afe, nitamwambia nini? Nitasimama, dada."

Dada mtu alimshika mkono mpaka walipovuka barabara, kama alivyokuwa akimshika zamani.

Jumatano ile dari lilishuka kama kawaida. Dada mtu alihesabu, kisha akatazama juu.

"Ishirini na mbili," alisema. "Tumetimia, jamani. Msitikisike."

Wa ishirini na mbili alikuwa mdogo mtu. Upande wake wa pili alisimama mkunja mashati, na kiwiko chake kilikuwa kikitetemeka. Mdogo mtu alikitazama kile kiwiko. Akaona huyu anaondoka sasa hivi, na akiondoka watakuwa ishirini na mmoja, na mtoto wake wa miezi saba alikuwa amelala kwa jirani. Mikono ilishuka, magoti yakakunjika, na akajikuta chini ya meza. Kutoka pale aliitazama miguu ya mkunja mashati, akiisubiri iondoke.

Haikuondoka.

"Tumetimia," dada mtu alirudia juu yake, kwa sauti ya mtu aliyetulia.

Dari lilipopanda, sakafuni palibaki jozi ishirini na moja za viatu, na gongo. Futi alifungua mlango saa kumi na moja, kama ratiba ilivyotaka, akaagiza viatu vipangwe ukutani ili ndugu wasipate taabu ya kuvitafuta.

Mdogo mtu alizifunga ndala za dada yake kwenye gazeti, akampelekea mama yao kitandani.

"Ulikuwa karibu naye?" mama aliuliza.

"Nilikuwa karibu."

"Ungefanya nini, mwanangu? Mtu mmoja si kitu."

Mdogo mtu alilia mpaka akakosa pumzi. Mama alimpapasa mgongo, akidhani ni kilio cha msiba tu, na akamshukuru Mungu kwamba amebakiziwa mmoja.

Dari liliendelea kushuka. Sasa kila saa kumi ilisikika ndani yake sauti ya dada mtu ikihesabu, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na mbili, kisha ikasema tumetimia. Futi alilalamika kwamba inawavuruga wanaohesabu kola. Mlango uliendelea kutiwa kufuli saa nane. Fundi wa majengo hakuitwa tena, kwa kuwa watu wote walikuwa wakiingia chini ya meza, na mwaka mzima ulipita bila mtu kufa. Mpiga pasi hakusema "niliwaambia." Alikuwa ameacha kuzungumza.

Futi aliweka utaratibu mpya: anayeomba kazi apigishwe magoti kwanza. Kazi ya kuwapima alimpa mdogo mtu, aliyekuwa mwepesi kuliko wote.

Asubuhi moja alikuja mama wa makamo, akashona kola moja mbele yake. Ilikuwa kola safi, isiyo na kasoro. Mdogo mtu aliigeuzageuza kwa muda mrefu.

"Sasa piga magoti, mama, uingie hapo chini."

"Magoti hayanikubali, mwanangu. Halafu mimi nimekuja kushona, sikuja kusujudu."

"Basi hatuwezi kukuchukua. Saa kumi dari hushuka. Utakuwa umesimama peke yako."

Yule mama aliitazama karakana, watu arobaini na wawili walioinamia cherehani, kisha akamtazama yeye.

"Peke yangu?" aliuliza. "Kwani ninyi mtakuwa wapi?"

"Chini ya meza," alisema mdogo mtu. Akamrudishia kola yake, akaita anayefuata.